Kivuta moshi kipya, bomba la zamani

Fundi alikuwa juu ya ngazi, kichwa na bega moja vimezama ndani ya tundu alilolikata kwenye dari ya jipsamu, akaniomba nimsogezee mashine ili apime mdomo wake. Kilikuwa kivuta moshi kipya, bado kimevikwa nailoni ubavuni, na mdomo wake wa kutolea hewa ulikuwa na kipenyo cha milimita 150. Akaligeuzia futi yake bomba lililokuwa ndani ya dari tangu jengo lilipojengwa. Inchi 4, yaani milimita 100 hivi; bomba la plastiki la kijivu, la aina ileile inayopitisha maji machafu ya bafuni.

"Hapa ni ridusa na silikoni tu, dada. Mpaka adhuhuri nimemaliza."

"Na bomba lenyewe linaishia wapi?"

"Linaishia nje."

"Nje upande gani, fundi?"

Akanyamaza, akamulika kwa tochi ya simu. "Linaingia kwenye shimo la mabomba."

Nikamlipa ujira wa siku ile na kumwomba arudi nitakapomwita. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo nimelala na jambo hili na kuamka nalo, na nimeona heri niliandike, kwa kuwa najua majiko mengi ya maghorofa ya Dar es Salaam yana bomba kama hilo juu ya dari, na wenyewe hawajawahi kuliona.

Duara linapopungua

Ridusa, yaani kiungio cha kuunganisha bomba pana na jembamba, ni kitu cha kawaida. Inapatikana madukani, haina bei kubwa, na ikifungwa vizuri haivuji. Mtu akitazama mdomo wa milimita 150 ukishuka hadi 100, huona kwamba njia imepungua kwa theluthi moja, na theluthi moja inavumilika.

Hesabu haiko hivyo. Hewa hupita kwenye eneo lote la duara, na eneo hilo hukua kwa mraba wa kipenyo. Bomba la milimita 150 lina eneo la sentimita za mraba 177 hivi, na la milimita 100 lina kama 78 na nusu. Zaidi ya nusu ya njia imetoweka, na wala bado hatujazungumzia msuguano. Ukitaka kupitisha kiasi kilekile cha hewa, kila mita moja ya bomba jembamba itaikinza hewa hiyo zaidi ya mara saba kuliko mita moja ya bomba pana.

Chukua mashine inayotakiwa kutoa mita za ujazo 400 kwa saa. Katika bomba la milimita 150, hewa itakwenda kwa mwendo unaozidi kidogo mita 6 kwa sekunde. Katika lile la milimita 100 italazimika kukimbia mita 14 kwa sekunde, na feni ya nyumbani haina ubavu wa kuisukuma hivyo. Kinachotokea ni kwamba hewa inayotoka hupungua na mlio huongezeka. Mpishi hupandisha kasi, mlio unazidi, moshi unabaki palepale juu ya kikaango, na mwisho wa yote lawama humwangukia aliyetengeneza mashine.

Bomba langu lilikuwa pia na elbo mbili kali zilizofuatana, moja ikigeukia kulia na nyingine chini, pasipo hata nafasi ya kiganja katikati. Kila kona ya namna hiyo huikinza hewa kama mita kadhaa za bomba lililonyooka.

Nilijiuliza pia kuhusu plastiki yenyewe. Plastiki ya mabomba ya maji machafu huanza kulegea inapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na ndani ya bomba la jikoni mafuta hujipaka tabaka juu ya tabaka mwaka hadi mwaka. Kikaango kikishika moto na feni ikauvuta mwali, mafuta hayo ndiyo yatakayowaka kwanza. Plastiki ikiwaka hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, inayochoma koo na mapafu. Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani hudai bomba la chuma lenye ndani laini kwa kazi hii, isipokuwa katika hali chache, na hukataza moshi uishie ndani ya dari. Sioni sababu ya jiko la hapa Upanga, Dar es Salaam, kuridhika na kidogo kuliko hicho.

Ubani

Lakini hayo yote yalihusu jiko langu. Lililonikosesha usingizi ni lile shimo.

Shimo la mabomba la jengo letu limesimama wima kutoka chini hadi paani. Ndani yake yamepangwa mabomba ya maji safi na ya maji machafu, na madirisha madogo ya mabafu ya kila ghorofa yanafunguka kuelekea humo, kwa sababu mabafu hayo hayana upande mwingine wa kupata hewa. Mashine ya zamani ilikuwa bado inaning'inia mahali pake. Siku moja alasiri nikaweka chetezo juu ya jiko, nikatia ubani, nikawasha feni kwa kasi ya juu kabisa na kusimama kando kutazama.

Moshi wa ubani huonekana vizuri kuliko wa chakula. Ulipanda kama uzi, ukagonga chujio, na hapo ukagawanyika: sehemu moja ikanyonywa, nyingine ikateleza kwenye ukingo wa mbele wa mashine na kwenda zake sebuleni. Nikafunga mlango wa jikoni na kupanda ngazi hadi kwa jirani wa ghorofa ya juu, mama mtu mzima anayeishi na mjukuu wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani. Hivi nani anafukiza ubani saa hizi? Huku bafuni kumejaa."

Nikamweleza nilichokuwa nikikifanya, naye akanipeleka bafuni. Vioo vya luva vya dirisha lake vilikuwa na utando wa rangi ya manjano, unaonata, na vumbi limeshikamana nao hata kioo hakionyeshi tena upande wa pili. Nilipitisha kidole na kukiona kimebeba mafuta. Akaniambia kwamba husugua vioo vile kwa ndimu na majivu, na baada ya muda hurudi vilevile. "Samaki wenu nawajua, mwanangu. Siku ya changu naijua, siku ya dagaa naijua."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Nilidhani jengo ndivyo lilivyo."

Sikupata jibu la kumpa. Mashine ile ya zamani, dhaifu na iliyokabwa na bomba la inchi 4, ndiyo iliyokuwa imempakia mafuta yale dirishani. Ile mpya niliyoinunua ilikuwa na nguvu zaidi, na kama ningekubali ridusa na kuizibua njia ikapitisha vizuri, basi kadiri jiko langu linavyosafika ndivyo bafu lake lingechafuka. Hapo ndipo swali lilipobadilika. Nilikuwa nikiuliza namna ya kuunganisha mdomo wa 150 na bomba la 100. Nikaanza kuuliza kama nina haki ya kuunganisha chochote na bomba lile.

Gesi ni safi, kikaango je?

Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka Watanzania 80% wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ninaunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na wengi wetu tumekua tukiwaona mama na bibi zetu wakifuta machozi ya moshi wa kuni kwa ncha ya kanga.

Hata hivyo, mazungumzo yetu huishia kwenye mtungi. Tukishahama kutoka kuni na mkaa hadi gesi tunahesabu kwamba moshi umekwisha, ilhali mwali wa gesi nao hutoa dioksidi ya naitrojeni, na mafuta yanayochemka hutoa moshi wake mwenyewe, hata jiko likiwa la umeme. Mwaka 2010, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa kukaangia kwa joto kali katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mtu anayekaanga maandazi, samaki na bhajia katika jiko lililofungwa anahitaji hewa itoke, awe amenunua mtungi au hajanunua.

Watu wa pwani waliujua moshi. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi uondoke bila kupita kwenye vyumba. Katika nyumba za kawaida za mjini jiko lilikuwa uani. Tulipohamia maghorofani tuliliingiza jiko katikati ya nyumba, lakini angalau majengo ya zamani yalikuwa na matofali ya matundu juu ya madirisha na luva zisizofungika sawasawa. Kisha tukaziba matundu, tukang'oa luva, tukaweka madirisha ya alumini ya kusukuma ili kiyoyozi kifanye kazi. Njia ya moshi ikabaki kuwa bomba moja la plastiki, lililotiwa mwishoni na mtu ambaye hatapika humo hata siku moja.

Mashaka

Chujio la mkaa lilinivutia kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mashine nyingi huweza kufungwa bila bomba lolote: hewa hupita kwenye chujio la chuma linalonasa mafuta, kisha kwenye mkaa unaopunguza harufu, na kurudishwa jikoni. Hakuna ukuta wa kutoboa, hakuna kibali cha kuomba, na jirani wa juu hapati chochote. Nilikuwa tayari kukubali. Kilichonizuia ni kwamba mkaa hauondoi mvuke, hauondoi joto, na hauondoi monoksidi ya kaboni. Na ni lazima ubadilishwe kila baada ya miezi michache. Katika jiji lenye unyevu kama letu, kuurudisha mvuke wa sufuria ya wali ndani ya jiko ni kuukaribisha ukungu ukutani. Kwa mpangaji asiye na ruhusa ya kugusa ukuta ningesema achukue chujio hilo na kufungua dirisha. Kwa mtu mwenye ukuta wa nje jikoni, nadhani kuna njia bora.

Na mimi ukuta wa nje ninao. Uko hatua chache kutoka jiko lilipo.

Shaka iliyobaki ilikuwa juu ya haki ya kuutoboa. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo iliwatambua wamiliki wa fleti kama chama, na ukuta wa nje wa jengo lenye wamiliki wengi si jambo la mtu mmoja kuamua. Nikaandika barua kwa kamati yetu, nikachora mahali pa tundu, nikaeleza pia habari ya bafu la ghorofa ya juu, kwa idhini ya mwenyewe. Mhandisi mmoja anayeishi katika jengo letu alikuja kutazama. Alihakikisha kwamba pale palikuwa na matofali ya kujazia kati ya nguzo, akagonga kwa nyundo kutafuta mahali zege linapoanza, na akaweka alama ya chaki: tundu lisikaribie bimu wala nguzo hata kama itaongeza urefu wa bomba.

Kazi yenyewe

Fundi aliporudi nilimweleza uamuzi, na ninataka kusema wazi kwamba kuanzia hapo yeye ndiye aliyeiendesha kazi kwa ustadi kuliko nilivyotarajia. Ni yeye aliyependekeza bomba lipite juu ya makabati, wazi, badala ya kuzama tena ndani ya dari, ili likihitaji kufunguliwa na kusafishwa lisidai kuvunja jipsamu. Tulitumia bomba gumu la milimita 150 kutoka mdomo wa mashine hadi nje, likiwa na kona moja tu, pana, juu ya mashine. Lile la alumini linalokunjika kama akodioni tuliliacha dukani, kwa kuwa mikunjo yake hukwamisha hewa na kuhifadhi mafuta.

Sehemu ndogo iliyotuchukua muda ni vile vibawa viwili vya plastiki vinavyokaa ndani ya mdomo wa mashine. Kazi yake ni kufunguka feni ikivuma na kujifunga ikizimwa, ili upepo na wadudu wasirudi ndani. Fundi aliposukuma bomba hadi mwisho, vibawa vikagonga ukingo wa bomba na kufunguka nusu. Kwa nje hakuna ambaye angejua. Alilirudisha bomba nyuma kidogo, akaingiza mkono kupitia upande wa pili, akavisukuma kwa kidole hadi vilipolala sawasawa pande zote mbili, ndipo akafunga. Ridusa ingekuwa mahali palepale, na vibawa vile visingefunguka kamwe.

Kila kipande cha bomba kilichoko upande wa feni kiliingizwa ndani ya kile kilicho mbele yake, ili mafuta yanayotiririka yasitafute mwanya wa kutokea. Viungio vilishikwa kwa riveti fupi na kuzungushiwa tepu ya alumini, maana tepu ya kitambaa gundi yake hukauka kwa joto na kuachia. Bomba likainamishwa kidogo kuelekea nje, mvuke unaopoa ndani yake utiririke huko badala ya kurudi kwenye mota. Mashine ikakaa sentimita 70 juu ya jiko la gesi, ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake.

Bomba la zamani lilikatwa na kuzibwa kwa saruji upande wa shimo.

Kusi na kaskazi

Ukuta wangu umeelekea upande ambao kusi, upepo wa msimu utokao kusini, huvuma, na hilo linamaanisha kwamba kwa miezi mingi, tangu Aprili hadi kama Oktoba, upepo husukuma moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba. Kifuniko cha kawaida chenye vibao vinavyoning'inia kingepiga kelele usiku kucha, na upepo ungeurudisha moshi ndani. Tulichagua kofia inayofunika mdomo kwa mbele na kufunguka chini, na ikawa ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari huila bati lenye zinki mapema. Kwa aliye upande wa kaskazi hesabu hugeuka. Fundi mwenyewe alisema kwamba hajawahi kuulizwa swali la upepo na mteja, ingawa mafundi paa huulizwa kila siku.

Kuna pia habari ya hewa inayoingia. Mashine haiwezi kutoa hewa ambayo nyumba haikuipata. Milango na madirisha yakifungwa kabisa, feni huvuta popote inapoweza, na katika fleti popote ni kwenye shimo la mabomba na kwenye matundu ya maji machafu. Kanuni nilizozitaja za Marekani huzungumzia jambo hili kwa mashine zinazozidi mita za ujazo 680 hivi kwa saa, hasa nyumba ikiwa na hita ya maji ya gesi, kwa kuwa feni kubwa inaweza kuurudisha ndani moshi wa hita hiyo pamoja na monoksidi ya kaboni. Mashine yangu haifiki huko, lakini ninapokaanga ninaacha dirisha la upande wa pili wazi kwa upana wa kiganja, na tofauti inasikika kwenye mlio wa mota.

Jambo moja zaidi, ambalo nawasihi wote wenye mitungi wawafundishe watoto na wasaidizi wa nyumbani: kivuta moshi si kinga ya gesi inayovuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni, mbali na feni iliyo juu. Ukisikia harufu yake usiguse swichi ya mashine wala ya taa, kwa kuwa cheche moja inatosha. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje.

Shimo limebaki

Moshi wangu sasa unatoka kwangu hadi kwenye hewa ya wazi. Lakini majiko ya ghorofa zilizo chini yangu bado yanapumulia kwenye shimo lile, na mengine hayana ukuta wa nje wa kutoboa. Katika kikao cha kamati limetolewa pendekezo la kuweka feni kubwa juu ya paa itakayonyonya shimo zima. Wazo hilo lina mantiki, kwa sababu shimo linalonyonywa kutoka juu halimsukumii mtu moshi wa mwenzake. Lakini litafanya kazi ikiwa tu hakuna fleti inayosukuma kwa feni yake ndani ya shimo, na ikiwa feni ya paani haizimwi umeme wa pamoja unapodaiwa. Mimi nimependekeza bomba moja la chuma, pana, lipandishwe ndani ya shimo kwa ajili ya majiko peke yake, lenye feni yake juu na mlango wa kusafishia kila ghorofa, na mabafu yaachiwe hewa ya shimo. Ni ghali zaidi. Mama wa ghorofa ya juu, ambaye hatalitumia bomba hilo kwa kuwa moshi wa jiko lake tayari unatoka nje, alikuwa wa kwanza kusema atachangia.

Wanaoishi katika jengo ambalo tayari lina bomba la namna hiyo, au waliojaribu feni ya paani, ningeomba mniandikie mlichokiona, hasa kuhusu namna ya kulisafisha na nani analipia umeme wake. Kamati yetu itakaa tena kabla kusi haijaanza.